Mkuki, Dadu na Kivuli: Kanuni za Mchezo wa Mezani katika Mapigano ya Mchezo wa Video

Utangulizi

Barabara itokayo Kisumu kwenda Busia hupita uwanja wa ndege na kituo cha biashara cha Otonglo kabla ya kufika Kisian na kupanda kuelekea Maseno. Katika vituo vya namna hii, kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya, aina mbili za michezo huishi jirani. Chini ya mti wazee hucheza ajua, kete zikizungushwa katika safu mbili za mashimo, huku watazamaji wakitoa ushauri ambao hawakuombwa. Hatua chache kutoka hapo, katika chumba chenye televisheni, vijana hulipia michezo ya video, nao hawakosi watazamaji wao. Zamani palikuwa na nyumba ya tatu: siwindhe, nyumba ya bibi, ambamo watoto wa Kijaluo walisikiliza sigana usiku.

Uhakiki wa Afrika Mashariki ulikwisha kuifungulia siwindhe mlango. Waraka wa Oktoba 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong, uliotolewa mjini Nairobi, ulidai kwamba fasihi simulizi iwekwe katika kitovu cha masomo ya fasihi. Chumba cha televisheni hakijapewa heshima ya aina hiyo, ingawa nacho kinasimulia. Tena tangu Wesley Kirinya alipotoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, Kenya imekuwa na wabunifu wake wa michezo ya video, na ni jambo la kutarajiwa kwamba wabunifu hao watazigeukia mighani za kwao. Hapo ndipo linapozuka swali la kihakiki: shujaa wa mighani akiingia katika mchezo wa video, atapigana kwa kanuni za nani?

Jibu la kawaida ni kwamba atapigana kwa kanuni zilizobuniwa mezani. Michezo mingi ya video ya kuigiza wahusika imerithi pointi za uhai, daraja la kinga na hesabu ya dadu kutoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Makala haya yanachunguza uhamishaji wa kanuni hizo kutoka mezani hadi kwenye tarakilishi, na yanatumia mighani ya Luanda Magere kuwa kipimo chake. Hoja ya msingi ni kwamba kinachopotea njiani si kanuni, kwa kuwa kanuni huhama kwa urahisi. Kinachopotea ni yule anayejibu swali ambalo kanuni hazikulitarajia. Na mahali pake panapobaki wazi, mapigano hupanuka na kulijaza pengo hilo.

Kanuni na Mwamuzi

Asili ya michezo hii ni ya kijeshi. Mwaka 1824 Luteni von Reisswitz aliliwasilishia jeshi la Prussia mchezo wa vita uliotumia ramani, madadu na majedwali ya kukadiria hasara za kila upande. Mchezo huo ulikuwa na mwamuzi, lakini mwamuzi huyo alifungwa na majedwali. Baadaye maofisa walilalamika kwamba majedwali yanachelewesha mchezo na kuwachosha wachezaji. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza yawekwe kando, na mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue matokeo kwa busara yake mwenyewe. Kwa hiyo mvutano kati ya jedwali na busara ni mkongwe kuliko tarakilishi, na hauwezi kulaumiwa juu ya mashine peke yake.

Gary Gygax na Jeff Perren walipochapisha Chainmail mwaka 1971, walikuwa bado katika mila hiyo ya majeshi madogo yanayopangwa mezani. Hatua kubwa ilitokea pale Dave Arneson alipompa kila mchezaji mhusika mmoja wa kumwigiza badala ya kikosi, na ushirikiano wake na Gygax ukazaa Dungeons & Dragons. Katika mchezo huo mshiriki mmoja hana mhusika wake maalumu. Yeye huueleza ulimwengu, huwasemea maadui na wapita njia, na huamua pale kanuni zinaponyamaza. Makala haya yatamwita msimulizi.

Msomaji wa fasihi simulizi hatakosa kumtambua. Kama mtambaji wa sigana, msimulizi wa mezani ana kiunzi cha kisa kichwani, naye hukijaza nyama mbele ya hadhira kwa kadiri ya usikivu wake. Tofauti ni kwamba hadhira ya siwindhe hujibu, huimba na huuliza, bali haimwambii zimwi afe mapema. Hadhira ya mezani ina haki ya kuibadili njama. Mchezaji husema, "Simshambulii mlinzi, namuuliza habari za mamaye," na msimulizi hana budi kujibu papo hapo, ingawa hakuna ukurasa wa kanuni unaotaja mama wa mlinzi.

Hata hivyo, si vyema kumtukuza msimulizi kupita kiasi. Anaweza kuwa na upendeleo, anaweza kuchoka, anaweza kumkomoa mchezaji aliyemuudhi. Dadu na jedwali ni kinga ya mchezaji dhidi ya udhaifu huo. Kwa maneno mengine, matini ya mchezo wa mezani ina sauti mbili, ya kanuni na ya msimulizi, na kila moja huizuia nyingine isitawale. Uhamishaji wowote wa mchezo huu hauna budi kupimwa kwa namna ulivyozishughulikia sauti zote mbili.

Ajua: Kanuni Zisizo na Pengo

Huenda ikadaiwa kwamba tatizo ni la mashine, kwamba mchezo wowote wa mezani hufa ukiingizwa katika tarakilishi. Michezo ya jamii ya ajua yaipinga rai hiyo. Awari, ndugu yake wa Afrika Magharibi wenye safu mbili za mashimo sita, ulichunguzwa na John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit, Amsterdam, mwaka 2002. Tarakilishi zao zilipitia zaidi ya mipangilio bilioni 889 ya kete, zikathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Hakuna kanuni hata moja iliyohitaji kubadilishwa ili kazi hiyo ifanyike.

Sababu yake ni kwamba kanuni za michezo hii hazina pengo. Kila mpangilio wa kete una hatua zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa, wala hakuna swali linalobaki. Kinachopotea ni maneno ya watazamaji, kejeli ya mshindi na kikohozi cha mzee anayetaka kumpotosha mwenzake. Mambo hayo yana thamani kubwa katika utendaji, lakini yako nje ya kanuni. Dungeons & Dragons ni mchezo wa aina nyingine kabisa. Pengo limo ndani ya kanuni zake, nalo limeachwa kwa makusudi ili msimulizi apate nafasi ya kusimama. Kuuhamisha kama mtu ahamishavyo ajua ni kuuhamisha nusu.

Duru ya Dakika na Duru ya Sekunde Sita

Nusu iliyohama kwa urahisi ni mapigano, kwa kuwa ndiyo yenye hesabu. Katika toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, lililotolewa mwaka 1989, kila mpiganaji ana namba inayoonyesha anachohitaji kupata kwenye dadu la pande 20 ili ampige adui mwenye kinga ya kiwango cha sifuri. Mwenye namba 15 akimkabili adui mwenye kinga ya 4, hutoa 4 katika 15, akabaki na 11. Dadu likionyesha 11 au zaidi, pigo limeingia. Pande 10 kati ya 20 zinamfaa, yaani nusu kwa nusu. Hesabu kama hiyo haihitaji msimulizi. Tarakilishi huifanya haraka kuliko mtu yeyote, tena bila kukosea.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa hesabu ya nini? Katika kanuni za mezani za wakati huo, duru moja ya mapigano ilikuwa dakika nzima. Kutupa dadu mara moja hakukumaanisha kurusha pigo moja. Kulikuwa muhtasari wa dakika ya kuviziana, kukwepana, kusukumana na kutafuta upenyo. Gygax mwenyewe, katika kitabu cha mwongozo wa msimulizi cha mwaka 1979, alifafanua kwamba pointi za uhai si nyama na damu tu, bali pia ustadi, bahati na pumzi ya mpiganaji. Kupoteza pointi 6 si lazima kuwe kutobolewa. Huenda ni kuteleza, kuchoka, kupoteza moyo. Ilikuwa kazi ya msimulizi kuifasiri namba hiyo kwa maneno.

Kwa istilahi ya fasihi, kanuni hiyo ilikuwa ufupisho uliosubiri usimulizi. Msomaji wa tendi za Kiswahili hapati taabu na jambo hili, kwa kuwa utendi nao huweza kuifunga siku nzima ya vita katika ubeti mmoja na kumwachia msikilizaji kuijaza.

Mchezo wa video uliibadili hali hiyo. Pool of Radiance wa mwaka 1988 ulizihifadhi zamu: wapiganaji walisimama katika miraba, kila mmoja akingoja nafasi yake, kama kete ubaoni. Baldur's Gate, uliotengenezwa na BioWare ya Kanada na kutolewa Desemba 1998, ulichukua njia nyingine. Mapigano yake huendelea bila kusita mpaka mchezaji ayasimamishe kutoa amri, na duru iliyokuwa dakika moja mezani imefupishwa kuwa sekunde sita. Hesabu ya dadu ilibaki ileile, lakini maana yake iligeuka. Kilichokuwa ufupisho kikawa taswira: jicho linaona upanga ukipanda na kushuka, na akili inadhani kila upanga unaposhuka dadu limetupwa.

Mambo si hivyo. Wapiganaji wa mchezo huo hupunga silaha mara nyingi kuliko kanuni zinavyowaruhusu kushambulia, kwa sababu mtu aliyesimama kimya kwa sekunde kadhaa katikati ya vita angechekesha. Baadhi ya mapigo yanayoonekana, kwa hiyo, ni pambo. Panga hupita katika miili bila kudhuru, na mchezaji makini hujifunza kuyapuuza macho yake na kuyasoma maandishi madogo yaendayo chini ya skrini, ambamo matokeo ya dadu huandikwa. Huu ndio ushahidi ulio wazi zaidi kwamba msimulizi ameondoka: picha na hesabu hazisemi kitu kimoja, wala hakuna mtu wa kuzipatanisha.

Inafaa kukiri kwamba wabunifu wenyewe waliliona tatizo hilo. Baldur's Gate 3, uliotolewa na Larian ya Ubelgiji mwaka 2023, ulirejea kwenye zamu, ukaonyesha dadu likibiringika mbele ya mchezaji anapojaribu kushawishi au kufungua kufuli, na ukamwongeza msimulizi mwenye sauti. Mchezaji anaweza kumsukuma adui kutoka kwenye mwamba au kumrushia kitu chochote kilicho karibu. Hayo ni maendeleo. Lakini msimulizi yule husoma yaliyokwisha kuandikwa. Yeye ni sauti ya kitabu, hana uwezo wa kusikia swali jipya.

Kivuli cha Luanda Magere

Hapa ndipo mighani ya Luanda Magere inapofaa kutumiwa kuwa kipimo. Kisa chake kinajulikana kote pwani ya Ziwa Viktoria, ingawa watambaji huhitilafiana katika vipengele. Magere alikuwa shujaa wa ukoo wa Sidho katika tambarare za Kano. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya Lang'o ilimgonga na kurudi. Maadui waliposhindwa kwa nguvu walimwoza binti yao. Siku moja aliugua, na mke yule alipotaka kumchanja amtie dawa, wembe haukuingia mwilini. Magere akamwambia achanje kivuli chake. Kivuli kikatoa damu. Siri ikawafikia ndugu zake, na katika vita vilivyofuata mkuki ulichomwa kivulini. Shujaa akaanguka, akageuka jiwe, na inasimuliwa kwamba wapiganaji na wawindaji walinoa silaha zao hapo.

Mfumo wa mapigano ungemwandikaje shujaa huyu? Njia ya kwanza ni kumpa kinga kubwa mno. Lakini katika kanuni za toleo lile, dadu likionyesha 20 pigo huingia hata kinga ikiwaje. Mkuki mmoja kati ya 20 ungemjeruhi, na Magere angekufa kwa wingi wa mikuki, jambo ambalo mighani inalikana kabisa. Njia ya pili ni kutumia kanuni nyingine iliyomo katika mila hiyohiyo, ile ya viumbe wasiodhurika ila kwa fedha au kwa silaha za uganga. Magere angewekewa sharti: hadhuriki, isipokuwa kivulini. Mtengenezaji wa programu angeliandika sharti hilo bila shida.

Tatizo huanza baada ya kuandikwa. Ili mchezaji aweze kukichoma kivuli, lazima kivuli kiwe shabaha inayoweza kuchaguliwa kwenye skrini. Kikisha kuwa shabaha, si siri tena. Mchezaji atajaribu kichwa, kifua na mguu, kisha atajaribu kivuli, si kwa kuwa amejua jambo, bali kwa kuwa kimebaki. Ugunduzi unageuka kuwa upekuzi wa orodha.

Mezani mambo huwa tofauti. Mchezaji anaposema, "Nakichoma kivuli chake," msimulizi humwuliza mara moja: umejuaje? Swali hilo halimo katika jedwali lolote, lakini ndilo linalobeba mighani nzima, kwa kuwa jibu lake ni ndoa, ugonjwa, wembe na dawa. Yaweza kuzuka hata mabishano ya saa. Adhuhuri katika tambarare za Kano, karibu kabisa na ikweta, kivuli hukaa kifupi chini ya miguu ya mtu. Jioni hurefuka hata mrusha mkuki hahitaji kumkaribia mwenye nacho. Mchezaji mwenye akili atasema, "Basi nangoja jioni." Hakuna mtunga kanuni aliyelipanga hilo, na bado kila aliyeketi mezani atakubali kwamba ni sawa.

Magere hayuko peke yake. Pwani ya Kenya ina Fumo Liyongo, ambaye utendi wake ulitungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo naye hafi kwa silaha ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe ndiye anayemtoa siri na uhai kwa tamaa ya ndoa aliyoahidiwa. Mighani zote mbili zinasema jambo moja kuhusu mapigano: hatima ya shujaa haiamuliwi uwanjani. Huamuliwa nyumbani, na mtu aliyekaribishwa, kwa maneno. Mfumo unaoweka hesabu yake yote uwanjani utamwonyesha Magere akipigana kwa ufasaha mkubwa, lakini utakuwa umekosa mahali alipofia.

Jirani Aliyegeuzwa Pointi

Kuna upotevu mwingine, nao si wa kifani tu. Katika kanuni za mwaka 1974, sehemu kubwa ya pointi za uzoefu zilizomkuza mhusika zilitokana na hazina aliyoipata. Mchezaji mwerevu alifaidika kwa kumkwepa adui na kumpora usingizini. Michezo ya video kama Baldur's Gate hulipa kwa kazi zilizokamilishwa, lakini hulipa pia kwa kila adui auawaye. Malipo ni maadili ya mchezo yaliyofichwa katika hesabu: humwambia mchezaji, bila kusema, ni tendo lipi lina thamani.

Lang'o wa mighani hii ni jirani halisi. Jina hilo Wajaluo walilitumia kwa Wanandi na Wakipsigis, ambao mpaka wao unaanzia pale tambarare za Kano zinapokoma na milima kuanza. Mpaka huo umeona damu katika kumbukumbu za watu walio hai, tangu mapigano yaliyozuka katika shamba la Meteitei, Tinderet, Oktoba 1991, hadi machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mtambaji anayeisimulia mighani ya Magere mbele ya hadhira iliyochanganyika hulijua hilo. Anaweza kumtaja binti wa Lang'o kama msaliti. Anaweza pia kumpa huruma, kwa kuwa machoni pa watu wake alikuwa shujaa aliyefanya ambalo jeshi zima lilishindwa. Sauti hupanda au kushuka kwa kumtazama aliyeketi mbele. Mfumo wa mapigano unaomlipa mchezaji kwa kila Lang'o aliyeanguka hauna jicho la kutazamia. Humsomesha kijana wa Otonglo na kijana wa Nandi Hills hesabu moja, ambamo jirani ni pointi.

Isidhaniwe kwamba hali hiyo haiepukiki. Planescape: Torment wa mwaka 1999 ulitumia mtambo uleule wa Baldur's Gate na kanuni zilezile za toleo la pili, lakini mhusika wake mkuu ni mtu asiyeweza kufa, na kwa sababu hiyo kifo kimepoteza uzito wake wa kawaida katika mapigano. Uzito umehamia kwenye mazungumzo: mchezaji hukua kwa kukumbuka na kuelewa, na hata pambano la mwisho laweza kumalizwa kwa maneno. Kwa hiyo dosari haimo katika dadu wala katika mashine. Imo katika uamuzi wa mbunifu kuhusu kile kitakachohesabiwa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kanuni za mchezo wa mezani ni matini yenye sauti mbili, na kwamba uhamishaji wake katika mchezo wa video aghalabu umeichukua sauti ya hesabu na kuiacha ile ya msimulizi. Ufupisho ukageuka taswira, siri ikageuka shabaha, na jirani akageuka pointi. Mabadiliko hayo matatu yana chanzo kimoja, nacho ni kukosekana kwa mtu wa kuuliza, "Umejuaje?"

Mbunifu wa Kenya anayetaka kumtia Luanda Magere katika mchezo atakuwa na kishawishi cha kuanza na mkuki, kwa kuwa mkuki una kanuni tayari, zilizojaribiwa kwa miaka 50. Mighani yenyewe inamwelekeza aanze na chumba cha mgonjwa: nani anaaminiwa, nani anauliza, na neno lipi likisha kutamkwa halirudishwi. Tarakilishi haiwezi kujibu kila swali, lakini inaweza kupewa kanuni za kuhesabu imani na siri kwa uangalifu uleule inaotumia kuhesabu majeraha. Kanuni hizo hazijaandikwa na watunzi wa Chainmail. Watambaji wa Kano wanazijua, na idara za fasihi zenye kuwarekodi watambaji hao zina wajibu wa kuketi na wabunifu kabla shabaha ya kwanza haijachorwa. Tamthilia ya Okoiti Omtatah, Lwanda Magere, ya mwaka 1991, yatosha kuwakumbusha wote wawili kwamba mighani hii hustahimili kuhamishwa kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, iwapo mhamishaji atahama na kivuli chake.